Msitu Haukuuliza Cheti



Juma lililopita, katikati ya mazungumzo yetu juu ya bei ya sukari, niliponyokwa na neno kuhusu chakula kimoja kitamu nilichopata kula huko Finland: matunda ya porini yaliyookwa chini ya chenga za oti. Nilikitaja kwa nusu dakika, nikapita. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua na simu zilizofika juma hili hazikuuliza habari ya sukari hata moja. Mama mmoja wa Temeke ameniandikia kwamba si adabu mtu mzima kuwatia wenzake mate kinywani, kisha akazima kipaza sauti na kwenda zake nyumbani. Amesema kweli. Leo nalipa deni, ila nawatahadharisha mapema: chakula chenyewe ni chepesi kukipika. Mazungumzo yaliyokizunguka ndiyo mazito, na mwisho wake yatanifikisha mahali nisipopapenda.

Ilikuwa Agosti 2019. Nilikwenda Finland kwa mafunzo mafupi ya utangazaji, na mwenzetu mmoja wa kule, mwanamke wa rika langu, aliponiona nimechoka na chumba cha hoteli akanialika mwisho wa juma kwa mama yake. Mama huyo alikuwa akiishi mashariki ya nchi, Karelia ya Kaskazini, si mbali sana na mpaka wa Urusi. Tulipanda treni Helsinki, tukashuka Joensuu baada ya zaidi ya saa nne, tukaingia kwenye gari. Dirishani ni miti, ziwa, miti, ziwa. Husemwa kwamba karibu robo tatu ya nchi ile ni msitu, na ukishasafiri njia ile huhitaji kusadikishwa na mtu.

Mgeni haendi mikono mitupu. Nilikuwa nimebeba kahawa ya kwetu na mfuko wa iliki kutoka milima ya Usambara, nikijisifu moyoni kwamba bibi wa watu wa theluji ataona maajabu. Aliufungua ule mfuko, akanusa, akacheka, kisha akafungua kabati lake na kunionyesha chupa iliyojaa iliki. Kumbe watu wa kaskazini ni walaji wakubwa wa iliki. Huitia kwenye mkate wao mtamu wa kunywea kahawa, hata nyumba nzima inanukia kama jikoni kwa shangazi yangu siku ya Idi. Ya kwake ilitoka Guatemala, ambako ndiko inakotoka iliki nyingi ya dunia. Hata hivyo aliichukua ya kwangu, akaiweka mbele, ya Guatemala akaisukuma nyuma. Umri wake ulikuwa miaka 81. Mimi nilimwita mama. Yeye aliniita poika, yaani kijana wa kiume, mimi mwenye watoto watatu na dalili za mvi.

Asubuhi yake akaniambia, kwa kinywa cha binti yake, kwamba asiyechuma hali. Nikavishwa mabuti ya mpira ya marehemu mumewe, nikapewa ndoo, tukaingia msituni.

Tunda tulilofuata linaitwa mustikka. Ni dogo kama pilipili manga iliyovimba mara tatu, rangi yake buluu iliyokolea kama wino, na halioti juu ya mti. Linaota kwenye kijiti kisichofika hata nusu ya goti. Maana yake ni kwamba unainama. Unainama saa ya kwanza, unainama saa ya pili, na mgongo unakukumbusha dhambi zako zote. Yako matunda yanayofanana nalo, makubwa, yanayolimwa mashambani na kuuzwa madukani, lakini ukiyapasua ndani ni meupe. Mustikka ni jeusi mpaka moyoni. Ulimi, meno, vidole, vyote hugeuka rangi, wala mtu hawezi kukana kwamba amekula.

Mbu walikuwako, na tena mbu wakubwa wasio na haraka. Kibaya zaidi ni aina fulani ya inzi wanaowasumbua wanyama wakubwa wa mwituni. Akikutua hunyofoa mabawa yake mwenyewe, akatambaa na kuingia kwenye nywele. Mama yule alikuwa akisema peke yake kwa sauti muda wote. Nilidhani ni uzee. Binti yake akanieleza kwamba anawapigia hodi dubu, wasije wakashtuka. Tangu dakika hiyo na mimi nikaanza kuzungumza kwa sauti, Kiswahili safi, nikiamini kwamba dubu haangalii lugha.

Baada ya saa moja nilikuwa na ujazo wa kikombe cha chai, na kingine nilikuwa nimekila. Yeye alikuwa na ndoo nzima. Kweli, alikuwa na kifaa chake, kisanduku chenye meno mbele kama chanuo na mpini juu, anachana vijiti na matunda yanaingia ndani. Lakini nilimtazama alipokichomeka kando na kuchuma kwa mkono, na bado alinishinda.

Kilichonisumbua mimi lakini si mgongo. Nilimwuliza, huu msitu ni wenu? Hapana, akasema. Ni wa nani? Akataja jina la mtu anayeishi mji mwingine. Je, anajua kwamba tumo humu? Wakatazamana, mama na binti, kama watu waliosikia swali la mtoto.

Wasikilizaji, huko kuna haki ya zamani, ambayo kwa Kifini jina lake maana yake ni haki ya kila mtu. Mtu yeyote, mwenyeji au mgeni kama mimi, anaruhusiwa kupita kwa miguu katika msitu wa mtu mwingine, na kuchuma matunda ya porini na uyoga, bila kuomba ruhusa na bila kulipa. Akitaka kuuza alichochuma, auze, na mapato hayo hata kodi hayatozwi. Mipaka ipo. Huingii uani kwa mtu, huingii shamba lililopandwa, hukati mti, huwashi moto bila ruhusa ya mwenye ardhi. Lakini tunda lililojiotea lenyewe ni la yule aliyeinama. Sweden wana haki kama hiyo. Norway waliiandikia sheria mwaka 1957, ila kule kaskazini kabisa kuna tunda moja la rangi ya chungwa linaloota kwenye kinamasi, ghali mno, ambalo mwenye ardhi anaweza kuwazuia watu wasilibebe. Hata hapo sheria inasema ukilila papo hapo huna kosa. Nilipenda sana hilo. Tumbo halipekuliwi.

Msidhani watu wale ni malaika wa ukarimu. Haki ni ya wote, lakini mahali penye matunda mengi ni siri ya mtu. Mama yule alikuwa na kinamasi chake cha yale matunda ya rangi ya chungwa ambacho hata bintiye aliyemzaa hakuwa ameonyeshwa. Kila mwezi wa Julai alikuwa akiondoka alfajiri peke yake, na akiulizwa njia huonyesha upande mwingine.

Sasa jikoni, mama wa Temeke, kamata kalamu.

Matunda aliyamwaga kwenye bakuli la udongo la kuokea, kiasi cha nusu lita hivi, bila kuyachemsha. Akayanyunyizia vijiko viwili vya sukari na kijiko kimoja cha wanga wa viazi, ili maji yatakayotoka yawe mazito na yasigeuke mchuzi. Halafu ile chenga ya juu. Gramu mia moja za siagi baridi, vikombe vidogo viwili vya oti, yaani ile nafaka bapa ya uji inayouzwa kwenye makopo, kikombe kimoja cha unga wa ngano, kimoja cha sukari, chumvi kidogo, na iliki yangu ya Usambara, ambayo aliitwanga hapo hapo mbele yangu kwa heshima. Vyote hivyo alivivuruga kwa ncha za vidole. Hapa alinipiga kofi la mkono, maana nilianza kuukanda kama ninayetaka chapati. Haukandwi. Unasuguliwa tu mpaka uwe vibonge vibonge, vingine vidogo kama mchele, vingine vikubwa kama karanga. Unamwaga juu ya matunda, hushindilii. Joto la tanuri ni digrii 200, dakika ishirini na tano au thelathini, mpaka juu iwe kahawia na pembeni uone maji ya zambarau yakitokota na kupenya. Huliwa cha moto, na kastadi ya vanila iliyo baridi.

Wasweden hukiita smulpaj, na Waingereza wana chao cha namna hiyo chenye jina jingine. Wafini wa pale walisema ni mustikkapaistos, basi. Nilikula sahani tatu. Ladha yake ni uchachu kwanza, halafu utamu, halafu iliki inakuja mwisho kama mgeni aliyechelewa.

Tukiwa mezani nilimwuliza alijifunza lini kuchuma. Akaweka kijiko chini.

Alizaliwa mwaka 1938 upande ule wa Karelia ambao leo ni Urusi. Vita vilipokwisha mwaka 1944 Finland ilipoteza eneo lile, na watu zaidi ya laki nne walihama makwao, wengi wao kwa mara ya pili, maana walikuwa wameshahama katika vita vya kwanza vya mwaka 1939, wakarudi, wakahama tena. Yeye alikuwa na miaka sita. Walifika kijiji cha watu na ng'ombe mmoja na mashine ya kushonea. Baba alikuwa amekufa vitani. Walipewa chumba katika nyumba ya wenyeji ambao hawakuwataka, na hakuwalaumu kwa hilo, alisema chumba kilikuwa kimoja na watu walikuwa wengi. Serikali baadaye ilitunga sheria ya kuwagawia wakimbizi ardhi, lakini ardhi haigawiwi kwa siku moja. Kabla ya shamba kupatikana walikula nini? Mama yake alichukua ndoo akaingia msituni. Siku ya pili tu ya kufika. Hakumwuliza mtu. Vuli ile walichuma tunda jekundu liitwalo puolukka, chachu sana, lenye tabia ya kujihifadhi lenyewe kwenye pipa bila sukari, na sukari haikuwapo. Jingine wakauza. Viatu vyake vya kwanza vya shule vilitoka kwenye tunda hilo.

"Kila ofisi ilituuliza cheti," alisema, na binti yake akanitafsiria polepole. "Msitu haukuuliza cheti."

Halafu akanigeukia na kuniuliza swali. Na kwenu, poika, mtu asiye na shamba anachuma wapi?

Nikamjibu haraka, kama mtangazaji aliyeonyeshwa taa nyekundu. Nikamwambia kwetu pia ni hivyo hivyo, tunda la porini ni la Mungu, kila mtu anachuma. Akafurahi. Akaniongeza sahani ya tatu.

Sikumdanganya moja kwa moja. Nilikulia kijijini, nimekula furu na ubuyu wa miti isiyo na jina la mtu, na hakuna aliyenifukuza. Lakini nilipokuwa nikisema maneno yale niliona wazi kabisa ukuta wa nyumba yangu hapa Dar es Salaam. Uani kwangu kuna mzambarau. Sikuupanda, niliukuta nilipokinunua kiwanja, mkubwa kuliko nyumba. Msimu ukifika, watoto wanaotoka shule walikuwa wanaurushia mawe, na jiwe moja lilipasua kioo cha dirisha la chumba cha kulala. Niliinua ukuta. Walipoanza kuparamia, nikamwita fundi akapanga vigae vya chupa juu yake, vimechongoka, vya kijani na kahawia. Zambarau zenyewe mimi silali macho kuzisubiri. Nyingi huanguka na kuozea chini, na kila asubuhi tunafagia.

Jumapili jioni tulikuwa tukirudi stesheni. Kando ya barabara ya changarawe palisimama gari dogo la abiria, na nyuma yake ndoo zimepangwa, labda thelathini, zimejaa. Watu saba au wanane, wamejifunika kichwa na shingo kwa sababu ya wadudu, walikuwa wakipakia. Hawakuwa Wafini. Walikuwa Wathai.

Mwenzangu akanieleza. Wafini wenyewe siku hizi huchuma kidogo tu, cha kula nyumbani. Matunda mengi huozea msituni, na yale yanayokwenda viwandani kwa sehemu kubwa yamechumwa na watu waliosafirishwa kutoka Thailand kwa msimu mmoja. Wengi ni wakulima wa mpunga wa kaskazini mashariki ya nchi yao. Nauli, viza, malazi na gari la kuzungukia msituni, yote ni juu yao wenyewe, na wengi huja na deni. Hulipwa kwa kilo. Msimu ukiwa mbaya, mtu anaweza kurudi kwao na deni kubwa kuliko fedha aliyobeba. Na mshahara je? Hakuna mshahara, akasema. Makampuni yalikuwa yakieleza kwamba watu hawa si wafanyakazi wa mtu. Ni watu huru, wamekuja kutumia haki ya kila mtu.

Hapo nilinyamaza. Haki ile ile iliyomvisha viatu mtoto mkimbizi wa mwaka 1944 ndiyo iliyokuwa ikitajwa ili mchumaji wa leo asiitwe mfanyakazi.

Nilishuka garini, ndiyo kazi yangu, nikijaribu kuzungumza. Hatukuwa na lugha. Mwanamke mmoja, labda wa umri wangu, alitabasamu akainua mikono yake nione. Ilikuwa na rangi ya wino mpaka kwenye vifundo, na kucha zimepasuka. Na mimi nikainua vidole vyangu vyenye doa la mustikka. Tukacheka. Lakini doa langu lilikuwa la kikombe kimoja.

Mambo yamesogea tangu wakati ule, nami ni haki niyaseme. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya Finland ilimtia hatiani mfanyabiashara mmoja wa matunda kwa kosa la biashara ya binadamu, kwa jinsi alivyowatendea wachumaji 26 kutoka Thailand. Na kuanzia msimu wa 2025 wachumaji wanaoletwa kutoka nje wanatakiwa waje kama wafanyakazi wenye ajira, si kama watalii wenye ndoo. Wenye makampuni wamelalamika kwamba matunda yatapanda bei. Huenda yatapanda. Mimi niliyeinama saa mbili nashangaa tu kwamba yaliwahi kuwa rahisi.

Sasa lile la kwangu. Miaka imepita na vigae vya chupa vilikuwa pale pale. Mwezi uliopita, msimu wa zambarau, mtoto wa jirani, wa miaka tisa, aliparamia ukuta na akapasuka kiganja. Nilikuwa kazini. Niliporudi nilikuta damu ukutani, nikaenda kwao usiku ule ule nikiwa nimejiandaa kusikia maneno. Bibi yake hakuniambia neno baya. Alikuwa amemsafisha, zahanati wamemshona nyuzi nne, na alikuwa akimgombeza mtoto, si mimi. "Si nilikwambia," akamwambia, "ule mti una mwenyewe?" Kisha akanigeukia akaniomba radhi. Mimi ndiye nikaombwa radhi, wasikilizaji.

Jumamosi iliyofuata nilifungua geti. Watoto walipanda, walichuma ndoo mbili, na jiwe halikurushwa hata moja, kwa kuwa aliye juu ya mti hana haja ya jiwe. Nikaamua kupika kile chakula. Zambarau si mustikka, lazima uzitoe kokwa moja moja, na zina ukakasi, kwa hiyo nilitia chumvi kidogo na kuzidisha sukari. Wanga wa viazi sina, nilitumia wa muhogo. Tanuri pia sina. Nilifanya kama mama zetu wanavyofanya mkate wa kumimina: sufuria juu ya makaa machache, mfuniko wa bati, na makaa mengi juu ya mfuniko. Ukizidisha moto wa chini matunda yanashika sufuria, nami najua kwa kuwa la kwanza lilishika. La pili lilitoka vizuri. Iliki ilikuwa ile ile ya Usambara.

Nililipeleka kwa jirani likiwa bado la moto. Yule mtoto mwenye bandeji alionja, akafikiri, akasema sukari haitoshi. Bibi yake akamaliza sahani, akauliza hizi chenga ni za nini, na kama pumba ya mahindi haiwezi kufaa. Sijajaribu.

Majuzi mwenzangu wa Finland ameniandikia. Mama yake bado yu hai, lakini magoti hayamruhusu tena kuingia msituni. Mwishowe amemwonyesha binti yake kile kinamasi. Kilikuwa mita mia tatu tu kutoka barabarani, upande ambao hakuna aliyefikiria kutazama. Anauliza mzambarau wangu unaendeleaje, maana kumbe niliwahi kumtajia mti bila kumtajia ukuta.

Bado sijamjibu. Vigae vingi bado viko juu ya ukuta. Fundi anasema saruji imeshika sana, kuving'oa ni kazi ya siku mbili, na anataka nusu ya malipo mkononi kabla hajapanda ngazi. Nimemwambia aje Jumamosi.